Jumamosi Tuliyopima Amplifaya Mbili za Mkwe Wangu

Mkwe wangu alinirushia kikombe cha chai mbele ya watoto wake.

Najua mmeanza kucheka. Chekeni tu, hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya jirani.

Ila huyu ni mzee ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kunipandishia sauti, hata siku niliyoingiza gari lake kwenye ukuta wa shule. Tena siku hiyo ya kikombe alikuwa amepooza upande mzima wa kulia. Alikuwa analishwa kwa kijiko. Daktari alishatuambia tusitarajie makubwa.

Akapeleka mkono wa kushoto, akakamata kikombe, akakirusha kwa nguvu ambayo wote tulidhani ilishamwishia.

Nikanuna jioni nzima. Mtu mzima na mvi zangu, nimenuna.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo, na bado sijapata pa kuliweka jambo hili. Ndiyo maana naliandika hapa, kwa watu nisiowajua.

Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki. Naletewa kila takataka inayotoa sauti, lakini ninachokipenda ni amplifaya za zamani, zile za valvu. Kwa wasiozijua, valvu ni vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa vikipata moto. Vinakula umeme, vinachoma vidole, vinataka dakika nzima ndipo viamke. Halafu muziki ukishapita humo, basi tena. Hizi za kisasa utaziona kama zinasoma taarifa ya habari.

Aliyenifundisha kazi ni huyo huyo mzee. Kabla hajawa mkwe alikuwa mwalimu wangu. Utani wake mkubwa ulikuwa kwamba nilikuja kuiba ufundi, nikaona haitoshi, nikachukua na binti.

Mzee alikuwa na sikio, jamani. Unawasha redio chumba cha pili, yeye huku anakunywa chai yake, anakwambia valvu ya tatu inachoka. Unabisha. Unafungua, unapima. Imechoka. Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii na sijafika hata nusu ya hapo.

Somo lake la kwanza, siku ya kwanza, kabla hata hajanionyesha choo kilipo, lilikuwa hili: amplifaya ya valvu haichezi bila spika. Muziki ukiingia ndani ukakosa pa kutokea, unaunguza transfoma. Na transfoma ikiungua, umebaki na sanduku la vyuma.

Alilirudia somo hilo mara mia. Nikawa namwambia, Mzee, nimelishika.

Mwaka jana akaanguka bafuni. Kiharusi.

Alipozinduka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na maneno yote yameondoka kichwani. Likabaki moja tu.

"Asante."

Akitaka maji, asante. Akiumwa, asante. Ukimvalisha fulana nyuma mbele, asante, huku macho yanawaka kwa hasira. Daktari alituambia anaelewa kila tunachosema, ila maneno yanakwama njiani. Hata kutikisa kichwa kunamchanganya, anaweza kukubali kitu anachokikataa. Tusimpe mitihani, alisema.

Hebu fikiria mtu ana akili zake zote, na amebakiziwa neno moja tu, tena la adabu.

Kilichobaki kwake kilikuwa muziki. Kila siku saa kumi alasiri tulimsogeza kwenye kiti chake sebuleni, tukamwekea sahani ya santuri, naye akafumba macho. Usoni unamwona kabisa, yule mzee wa zamani amerudi. Sahani ikiisha anafumbua macho, na anakuwa mgonjwa tena.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri, kila kitu kwenye hadithi hii kinahusu hiyo saa kumi. Saa moja ndani ya siku nzima.

Nyumba yake ina ngazi nyingi, na mke wangu alishachoka kulala huku na kule. Tukaamua mzee ahamie kwetu. Chumba tulichokuwa nacho kilikuwa stoo. Nilikipaka rangi, nikapima kwa futi kamba: kitanda, kiti, kabati dogo, spika mbili, mashine ya santuri na amplifaya moja.

Moja. Mzee alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza alikuwa anaiita Punda. Ya kijivu, rangi imebabuka, nzito kama dhambi, kitasa kimoja si chake. Ya pili ni Bwana Harusi. Huyo anang'aa mwili mzima, valvu zake zimesimama mbele kama kwenye picha ya ukoo, na taa ndogo ya bluu. Wageni wakija, anawashwa Bwana Harusi. Siku za kawaida, Punda.

Mzee alimpenda yupi zaidi? Hatukuwahi kumuuliza alipokuwa na maneno.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyetoa wazo la kuuza moja. Anafundisha watu kuendesha magari, kwa hiyo amezoea kutoa maamuzi kabla hujamaliza kufikiri. Alisema mzee anahitaji kile kitanda cha kunyanyuka mgongo, na amplifaya moja itakilipia. Hakuwa na ubaya wowote. Hata mimi mgongo ulikuwa unaniuma kwa kumnyanyua.

Nikapewa kazi ya kuzipima. Nani mwingine?

Nilizipeleka karakana, nikazifungua zote mbili. Punda alikuwa na valvu zake za asili, za aina ambayo haitengenezwi tena. Ndani, kila waya alioubadilisha mzee umelazwa kwa adabu na risasi ya kuungia imetulia kama tone la maji. Bwana Harusi alikuwa na nguvu zaidi, ila alishapita mikononi mwa watu wa ajabu kabla mzee hajampata. Uzuri wake ni kwamba valvu zake bado zinapatikana. Ikifa moja, unabadilisha.

Nikampigia mtu anayekusanya hizi mashine. Nikamtumia picha. Kwa Punda akataja bei karibu mara mbili ya Bwana Harusi.

Nilivyowaeleza nyumbani ni hivi. Sokoni, Punda ana thamani. Kwa matumizi ya nyumbani, Bwana Harusi hatatusumbua. Ila hayo yote ni ya kwetu sisi. Linalomhusu mzee ni sauti. Inabaki ile yenye sauti bora, hata kama ni ile ya bei kubwa.

Shemeji akakubali kwa shingo upande.

Sasa, kulinganisha sauti si mchezo. Sikio halina kumbukumbu. Ukisikia moja leo na nyingine kesho, unalinganisha ndoto. Nilizisikiliza moja moja karakana, nikaweka alama ya utepe kwenye vitasa ili zilingane sauti, maana inayopiga kwa nguvu zaidi humdanganya kila mtu. Lakini ukiniuliza ipi tamu, nilikuwa sijui. Ilibidi zisikilizwe papo kwa papo, moja baada ya nyingine, bila watu kuona ipi inacheza.

Nikatengeneza kiboksi. Waya za amplifaya zote mbili zinaingia huku, za spika zinatoka kule, katikati swichi ya kuzungusha. Muziki wa sahani unaingia kwenye amplifaya zote mbili kwa wakati mmoja. Ukiipeleka kushoto anasikika Punda, kulia Bwana Harusi. Na kwa kuwa nililishika lile somo, nikaweka resista ndogo ya kinga, kipande cha kumeza muziki badala ya spika, kwa ile inayopumzika. Inatosha kwa dakika moja moja za kupokezana.

Swichi niliitoa kwenye mashine mbovu iliyokuwa chini ya meza. Nikaizungusha mara mbili. Ikalia tak, tak. Safi.

Jumamosi, saa sita mchana, tukakusanyika sebuleni kwa mzee. Mnunuzi, yule mkusanyaji, angefika saa tisa kuchukua itakayoshindwa.

Nilitundika shuka mbele ya mashine, mimi nikawa nyuma yake kama mchawi wa maonyesho. Upande wa pili walikuwepo shemeji, mke wangu, na mzee kwenye kiti chake na chai pembeni. Mke wangu akamwinamia, akamweleza taratibu. Akipenda ya kwanza, anyooshe kidole kimoja. Akipenda ya pili, viwili. Mzee akamtazama bintiye kwa makini sana.

"Asante," akasema.

Nikaweka sahani anayoipenda. Nikazungusha swichi kushoto.

"Hii ya kwanza."

Dakika moja. Nikazungusha kulia. Tak.

"Hii ya pili."

Zilikuwa zimelingana sauti vizuri mno, mpaka nikajipongeza kimoyomoyo.

Wa kwanza kufungua mdomo akawa shemeji.

"Ya pili ina joto. Ya kwanza imekauka, kama mtu anaimba na mafua."

Mke wangu akaomba arudishiwe. Nikarudisha, kushoto, kulia. Akafumba macho kama anavyofanya baba yake. Akasema ni kweli, ya pili anaisikia mpaka kifuani.

Na mimi je? Hapa ndipo panaponiuma. Mimi niliyejua nyuma ya shuka kuna nini, mwenye miaka ishirini na mbili ya kazi, nilisikia hivyo hivyo. Nilisikia besi ya Bwana Harusi ikikaa chini vizuri. Nilisikia sauti ya mwimbaji ikisogea mbele hatua moja. Ningeweza kuapa.

Mzee akanyoosha kidole kimoja.

Mke wangu akafurahi, akasema baba anataka ya kwanza. Nikamwambia asubiri, tumjaribu vizuri. Nikacheza ya pili. Kidole kimoja. Nikarudi ya kwanza. Kidole kimoja. Ya pili tena, kidole kimoja, safari hii amekiinua juu kabisa.

Nikachungulia kutoka nyuma ya shuka, nikamuuliza mwenyewe. "Mzee, unataka ya kwanza ndiyo ibaki?"

Akatikisa kichwa kukataa. Kidole bado kiko juu.

Shemeji akashusha pumzi. Akasema tusimtese baba, amechanganyikiwa, daktari alishasema. Na mimi nikakubaliana naye. Nilimwonea huruma mkwe wangu. Nilisema moyoni, masikini, lile sikio nalo limekwenda.

Tukaendelea. Tulikuwa tunafurahia, nisiwadanganye. Shemeji alileta sahani nyingine, mke wangu akachagua nyingine. Saa nzima na nusu tunazungusha, tunabishana, tunacheka. Kila sahani, ya pili inashinda.

Mzee akaanza kupiga mkono wa kiti. "Asante. Asante. Asante."

Shemeji akasema mnaona, muziki umemgusa.

Kisha akawa anagusa pua yake. Anaigusa, ananinyooshea mkono mimi nyuma ya shuka, anaigusa tena. Mke wangu akatoa leso, akamfuta makamasi. Hakukuwa na makamasi. Mzee akausukuma mkono wake, akagusa pua tena, machozi yanamtoka. Akamfuta na machozi.

Kulikuwa na harufu fulani, ni kweli. Kama vanishi iliyopata joto. Niliisikia. Nikasema ni vumbi la kwenye valvu, hizi mashine hazijawashwa pamoja muda mrefu.

Nikatoa shuka ili nieleze matokeo. Nikashika kiboksi mkononi, nikaanza kusema kwa sauti ya kitaalamu kwamba ya pili ni Bwana Harusi.

Ndipo kikombe kikaja.

Kilipiga kiboksi, kikapasuka, chai ikanimwagikia suruali. Nikazima kila kitu haraka kabla maji hayajaingia kwenye umeme. Shemeji akasema baba ana hasira kwa sababu tunauza vitu vyake, tumwelewe.

Nilikubali. Lakini moyoni nilijisemea, miaka kumi na tisa, kumbe hivi ndivyo anavyonichukulia.

Mnunuzi akafika saa tisa kamili. Akataka kumsikia Punda kabla ya kulipa, nikaunga spika kwake moja kwa moja, bila kiboksi. Akapiga vizuri. Mke wangu akapita na kitambaa cha kufutia chai, akasema hii nayo leo si mbaya. Nikamjibu, ndiyo, ni nzuri, ila si umesikia ile nyingine.

Wakambeba Punda watu wawili. Mzee aligeuza uso ukutani.

Jumatatu tukamhamisha. Jumanne saa kumi alasiri, chumba kipya, kitanda kipya cha kunyanyuka, nikawasha Bwana Harusi.

Valvu zikawaka vizuri, chungwa kabisa. Nikashusha sindano kwenye sahani.

Kwanza sauti ikakwaruza kama mtu anayesafisha koo. Halafu ikafifia. Kisha moshi mwembamba ukatoka nyuma, na ile harufu ya vanishi ikajaa chumba kizima.

Kimya.

Mzee alikuwa ananitazama mimi. Hakuitazama mashine hata kidogo.

Nikaibeba mpaka karakana. Nikafungua. Transfoma ya spika imeungua, waya umeshikana ndani. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Hilo hutokea kwa sababu moja tu, ile niliyoambiwa siku ya kwanza kabla ya kuonyeshwa choo.

Nikajibizana mwenyewe. Spika zilikuwepo. Kinga ilikuwepo. Tulikuwa tunapokezana dakika moja moja.

Nikachukua kiboksi, bado kina madoa ya chai. Nikafungua swichi.

Nje, kitasa kinazunguka na kulia tak, tak. Ndani, ulimi wa shaba unaotakiwa kuhama ulikuwa umenasa upande wa kushoto. Umeungulia hapo, labda miaka mingi kabla sijazaliwa. Nikazungusha mara kumi. Mara ishirini. Ulimi hausogei.

Nilikaa chini, kwenye sakafu, kati ya waya.

Jumamosi nzima tulikuwa tunamsikiliza Punda peke yake.

Ya kwanza ilikuwa Punda. Ya pili ilikuwa Punda. Ile iliyokauka kama mafua ni Punda, na ile yenye joto la mpaka kifuani ni Punda yule yule. Tulibishana saa nzima na nusu kuhusu tofauti ya kitu na chenyewe. Na muda huo wote Bwana Harusi, ambaye hakuna mtu aliyemsikia hata sekunde moja, alikuwa anamezeshwa muziki usio na pa kutokea, na kile kiresista changu cha dakika moja kikijaribu kumwokoa mpaka kikashindwa.

Kidole kimoja. Mzee alikuwa anasema ni moja hiyo hiyo. Hata kama alimaanisha ya kwanza ndiyo ibaki, tungemsikiliza tu, leo Punda angekuwa chumbani kwake. Vyovyote vile alikuwa sahihi, na vyovyote vile sisi tulisema amechanganyikiwa.

Pua. Alikuwa ananusa transfoma inaungua, akatuambia, tukamfuta makamasi.

Na kikombe hakikukosa shabaha. Kilipiga pale pale kilipolengwa, kwenye kiboksi.

Nikampigia mnunuzi. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili haikupokelewa. Ya nane akapokea. Nikamweleza kila kitu, nikamwambia nitamrudishia pesa zake na juu nitamwongezea, nitauza hata vifaa vyangu vya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya yule.

"Fundi, ungenipigia Jumapili," akasema.

Alikuwa amemnunua Punda kwa ajili ya vipande. Valvu zilishakwenda kwa mtu mmoja, transfoma kwa mwingine, wote wako mbali na wote walikuwa wakisubiri kwa miaka. Kwake kulibaki sanduku tupu la kijivu. Akaniuliza kwa upole kama ninalitaka. Nikakata simu.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mke wangu. Nilimchorea mpaka na mchoro. Akauangalia, akaangalia swichi, akaniambia haiwezekani.

"Nilisikia kwa masikio yangu, baba watoto. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi."

Nikamwonyesha ulimi wa shaba. Akasema labda umenasa baadaye, kwa sababu ya kikombe. Shemeji naye akasema hivyo hivyo kwenye simu, tena kwa ukali.

"Shemeji, unataka kuniambia mimi sijui nilichosikia?"

Nikakosa nguvu za kubishana. Maana na mimi nilisikia. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile besi ya Bwana Harusi, besi ambayo haikuwahi kutoka.

Kwa mkwe wangu nilikwenda peke yangu. Nilivuta kiti, nikakaa upande wake wa kushoto, ule unaofanya kazi.

"Baba, ilikuwa moja," nikamwambia. "Muda wote ilikuwa moja."

Alifumba macho. Nilimwambia na kuhusu Punda, kwamba ameshafunguliwa, hatarudi. Nikamwomba msamaha, nikalia mbele ya mkwe wangu bila aibu.

"Asante," akasema.

Kumbukeni ndilo neno pekee alilonalo. Inawezekana alinisamehe. Inawezekana alinitukana tusi zito kuliko yote aliyowahi kutukana. Sina namna ya kujua na sitakuwa nayo.

Nikaona angalau nimtengeneze Bwana Harusi. Nilimtafuta mtu anayesuka upya waya za transfoma, ikamchukua wiki sita. Nikabadilisha kila kilichochoka, nikalaza waya kwa adabu kama nilivyofundishwa, nikapima kwa mita mara tatu. Spika niliziunga kwa mkono wangu, moja kwa moja. Sitaki tena kuona swichi.

Siku ya kuwasha, saa kumi, shemeji alikuja. Mke wangu alikaa kitandani kwa baba yake.

Muziki ukatoka, tena ukatoka vizuri. Shemeji akapiga paja lake, akasema si mnaona, hii ndiyo ile ya pili, ndiyo hili joto nililokuwa nalisema. Mke wangu akatikisa kichwa kukubali, anatabasamu, ana machozi. Walikuwa na furaha kweli, na sikuwa na moyo wa kuiondoa.

Nilimtazama mzee. Hakufumba macho. Alisikiliza kama ubeti mmoja hivi, kama fundi anavyosikiliza kazi ya mtu. Kisha akapeleka mkono wa kushoto kwenye kitasa cha sauti, akakizungusha polepole mpaka mwisho wa chini. Sahani ikaendelea kuzunguka bila kitu.

Mke wangu akapandisha sauti. Mzee akashusha. Mke wangu akapandisha tena. Mzee akashusha tena, bila hasira, kama anavyofunga dirisha mtu anayesikia baridi.

Niliirudia siku ya pili, na ya tatu, na wiki iliyofuata. Nimejaribu sahani nyingine. Nimejaribu redio ndogo, nimejaribu simu. Mkono unakuja, unashusha.

Wenzangu, mkinisoma mpaka hapa, chukueni hili. Kabla hujawauliza watu kipi ni bora, hakikisha kwanza wanavisikia vyote viwili. Wakikosa tofauti wataitengeneza, tena wataitengeneza kwa nia njema, na wewe mtaalamu utakuwa wa kwanza kuiamini. Na ukiwa na mgonjwa asiyeweza kusema, usiharakishe kusema amechanganyikiwa. Sisi tulikuwa watatu wenye midomo, na aliyesikia alikuwa mmoja.

Nimeandika kwa sababu saa kumi inakaribia. Nitaingia nimsogeze kwenye kiti, kama kila siku. Amplifaya ipo pale kwenye kabati, mke wangu ameifunika taulo safi ili isiingie vumbi. Ni nzima kabisa. Tutakaa naye pale bila kuiwasha mpaka saa kumi na moja, mimi na yeye, kisha nitamrudisha kitandani.